Hakuna Aliyetaja Bei

Boti iligusa mchanga, kijana aliyekaa omo akaruka majini na kamba mkononi, na kabla injini haijanyamaza vizuri watu walikuwa wameshaizunguka. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa tangu alasiri, kwa hivyo chombo kilisogea karibu kabisa na pale walipoketi wazee. Samaki wakashushwa kwa ndoo na makarai: changu, tafi, tewa wawili wakubwa, kolekole kadhaa, na nguru mmoja mrefu aliyebebwa peke yake kwa mikono miwili. Mizani ikatundikwa. Karani wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari, akaandika kilo. Tajiri, yule mnunuzi wa samaki, naye akaandika kwenye daftari lake.

Nikangoja kusikia bei.

Mimi nimekulia Malindi mjini. Sokoni mama alinifunza kwamba bei ya kwanza haikubaliwi, na ya pili hukubaliwa kwa shingo upande. Hata nazi mbili hatununui bila maneno. Lakini pale Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Malindi, nguru yule alitoka mikononi mwa nakhodha akaingia kwenye sanduku la tajiri bila mtu kufungua mdomo kuhusu pesa. Nakhodha alikuwa akikamua fulana yake. Tajiri alikuwa akipanga barafu.

Hakuna aliyetaja bei. Hata mmoja.

Nilikuwa nimekwenda kumpelekea Ami dawa zake za presha na kukaa naye kidogo kabla giza halijaingia. Nilirudi mjini usiku ule ule. Wiki zimepita, kaskazi imekwisha, kusi imeingia, na kimya kile bado hakijaniondoka. Ndiyo maana naandika.

Daftari

Baada ya Magharibi nilimuuliza Ami, tumeketi kwenye baraza yake.

"Ile boti ni ya nani?"

"Ya nakhodha mwenyewe."

"Na injini?"

"Ya tajiri."

"Nyavu?"

"Nusu ya tajiri, nusu yake."

"Petroli?"

"Petroli ni ya tajiri mpaka samaki atoke majini."

Alinieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu wa pale analijua tangu utotoni. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, bahari huchafuka. Vyombo vidogo havivuki nje ya miamba, na siku za kukaa nyumbani huwa nyingi kuliko za kuvua. Hapo ndipo watu hukopa. Unga, mchele, karo, nauli ya kwenda hospitali, mbao za kuziba boti. Tajiri hutoa na kuandika. Halafu kaskazi ikija, kuanzia Novemba, bahari ikatulia na samaki wakaonekana, aliyekopa humpelekea samaki wake aliyemkopesha, kwa bei ya aliyemkopesha.

Kwa hivyo kutaja bei ufuoni ni kazi bure. Bei ilishatajwa. Ilitajwa Juni, nyumbani, mtoto akiwa na homa.

Na si Ngomeni peke yake. Nenda bandari yoyote ya samaki, kuanzia Shimoni kule kusini mpaka Kizingitini wanakotoa kamba-mawe, utamkuta tajiri na daftari lake. Majina hubadilika na utaratibu ni ule ule. Tangu kanuni za BMU za mwaka 2007, wavuvi wana vikundi vyao vya kusimamia bandari, wana mizani na karani, na wana haki ya kutunga sheria ndogo za bandari yao. Lakini mizani hupima kilo tu. Deni halipandi kwenye mizani.

Niliuliza bei aliyolipwa nakhodha kwa yule nguru. Ami akamwita kijana mmoja wa boti, naye akasema shilingi 350 kwa kilo. Mjini, nguru yule yule kesho yake angefika 600 au zaidi, na kwa wenye hoteli zaidi ya hapo.

Nilivyomtazama tajiri

Nitasema kweli, nilimchukia. Nilimwona amekaa kwenye sanduku lake, kalamu sikioni, nikaona ndiye chanzo cha umasikini wote wa ufuo ule. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga makala hii kichwani na mwovu wangu alikuwa tayari.

Nakhodha ndiye aliyeniharibia mpango huo.

Alipita barazani kumsalimia Ami, amevaa shuka kavu, na nikamuuliza waziwazi kwa nini hamwachi tajiri akaenda benki. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Benki gani itanikopesha mie, na dhamana yangu yaelea?"

Kisha akanihesabia. Injini yake ya kwanza ilidondoka baharini siku ya mawimbi, na nyingine ikafika bila kutiwa saini karatasi yoyote. Baba yake alipofariki, sanda ilitoka kwa tajiri, na mchele wa khitma pia. Mkewe alipopelekwa Malindi usiku kujifungua, ni pikapu ya tajiri iliyompeleka, ile ile ya kubebea samaki.

"Tajiri akiniudhi," akasema, "nawajua wazee wake, nitakwenda kumshtaki. Benki ikiniudhi, nimwendee nani?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Na huyo tajiri naye, kumbe, si mwisho wa kamba. Alianzia kwenye kupiga mbizi, kama wengi wao. Barafu huinunua Malindi kwa mkopo, na mnunuzi wake mkubwa wa Mombasa ndiye aliyempa pesa za ile pikapu. Kuna daftari juu ya daftari lake. Siku mnunuzi wa Mombasa akishusha bei, ufuo wa Ngomeni hushuka nayo, na nakhodha hataambiwa sababu.

Lakini hapa pia nilisita, na bado nasita. Wema ukimfaa mtu wakati wa dhiki ni wema. Wema unaomfanya asiweze kuondoka nao tuuiteje? Ndani ya daftari lile hakuna riba hata senti moja. Watu wa Ngomeni wasingeikubali. Ila ile tofauti kati ya 350 na bei ya soko hukatwa kwa kila kilo, kila siku ya kuvua, msimu mzima, na deni lenyewe haliishi. Nilimuuliza nakhodha kama amewahi kulimaliza. Akafikiri. Akasema anakumbuka kaskazi moja alipokaribia.

Akakaribia tu.

Vyuma vya nje

Kwetu jua huchwea nyuma ya watu, upande wa Gongoni na mashamba ya chumvi, si baharini. Kwa hivyo jioni mwanga wa mwisho huwapita wanakijiji mgongoni na kuangukia majini, na kule nje huangaza majukwaa ya chuma ya kurushia roketi ambayo Waitaliano waliyasimamisha kwenye Ghuba ya Ungwana. Sisi tumezoea kuyaita San Marco na basi.

Ami alikuwa mtoto wa chuoni tarehe 12 Desemba 1970. Anasema mwalimu aliwatoa nje na mbao zao mikononi, wakaona moto ukipanda kutoka baharini mchana kweupe. Kilichokuwa juu ya roketi ile ni setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota na vitu vingine vya mbali angani. Ilichokiona kilisaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi yako kweli, na mkuu wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alishiriki tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na Ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine na kuisukuma roketi bure.

Roketi ya mwisho ilirushwa mwaka 1988. Majukwaa yakabaki.

Ninayasimulia haya kwa sababu moja. Kaka mkubwa wa Ami, Mungu amrehemu, alifanya kazi kule nje kwa muda, akibeba vyakula na kuosha vyombo jikoni. Nilitarajia kwamba alipokuwa akirudi nyumbani alisimulia roketi. Ami akasema hapana. Roketi kila mtu aliiona. Alichokuwa akisimulia ni barafu. Walikuwa na barafu kila siku, katikati ya bahari, kwenye glasi za maji, na samaki waliowanunua kwa wavuvi wa hapa hapa waliwaweka wiki nzima wakiwa vile vile.

Nilipokuwa nikirudi mjini, barafu ile ndiyo niliyokuwa nikiifikiria.

Barafu

Hili ndilo lililochukua muda mrefu kunifungukia.

Samaki akishatoka majini, saa inaanza kumhesabia. Kwa joto letu, samaki wa asubuhi akiachwa bila kitu, alasiri mashavu yake yamepoteza wekundu na jicho limezama. Ndiyo maana wataalamu wa uvuvi hupendekeza, katika nchi za joto, karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Akipangwa vizuri, barafu chini, barafu tumboni, barafu juu, samaki huyo huyo hukaa siku nyingi na bado akaitwa mbichi.

Nilimtazama tajiri akipanga. Sanduku lake lilikuwa friza la zamani, lile jeupe la kulala, injini yake imetolewa siku nyingi na mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kuna barafu ya kusagwa aliyoileta asubuhi kutoka Malindi. Alimpasua nguru, akautoa utumbo, akaujaza uwazi ule barafu kwa kiganja, akamlaza tumbo chini ili maji yachuruzike. Alifanya kwa upole, kwa mikono inayojua. Alipomaliza, nguru yule alikuwa ameshapewa siku kadhaa za kuishi sokoni.

Na nakhodha? Nakhodha alikuwa na jioni tu.

Hebu tufikiri kwamba deni halipo. Tuseme daftari limechomwa moto, kila mtu yuko huru. Boti inafika saa kumi na moja na nusu jioni. Pikapu ni moja. Barafu ni ya mtu mmoja. Gari la mwisho la kwenda Gongoni limeshaondoka, na usiku unaingia. Mvuvi mwenye nguru wa kilo nane na asiye na barafu atasema bei gani? Atasema ile atakayoambiwa. Angekuwa na uwezo wa kulala na samaki wake mpaka asubuhi, ampakie kwenye bodaboda, aende nayo hadi soko la Malindi, hapo tungesikia bei ikitajwa.

Twasema subira yavuta heri. Nimeisikia tangu utotoni na ninaiamini. Lakini ufuoni subira inataka barafu. Wenye barafu ndio wanaoweza kusubiri, na heri huwavutikia wao.

Ukitazama hivyo utaona mambo mengine pia. Zile trola, meli za kukokota nyavu, zilizokuwa zikigombana na wavuvi wadogo katika Ghuba ya Ungwana, mpaka serikali ikazisimamisha mwaka 2006 na kuziruhusu tena 2011, ugomvi wake ulikuwa wa nyavu kukatwa na samaki wachanga kumalizwa, na ni ugomvi wa haki. Ila tofauti nyingine ilikuwa haionekani kutoka ufuoni: trola ina friza tumboni. Inavua leo, inauza ikitaka. Bahari moja, samaki wale wale, na mmoja ana wiki mkononi ilhali mwenzake ana saa chache.

Chumvi

Nilipomweleza Ami haya kwenye simu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Zamani tulikuwa na chumvi."

Sikumwelewa mara moja.

Alimaanisha ng'onda. Babu zake walipasua papa na taa kwa urefu, wakawatia chumvi, wakawaanika kwenye chanja mpaka wakawa wagumu, halafu wakakaa nao. Walikaa nao mpaka upepo wa jahazi ulipokuwa mzuri, mpaka mwezi wa bei ulipofika, mpaka mfanyabiashara wa Mombasa alipokuja mwenyewe na kuomba. Ng'onda haimharakishi mtu. Mwenye ng'onda ghalani angeweza kuketi barazani na kusema, "Bei hiyo siitaki, rudi wiki ijayo."

Ng'onda haijafa, bado tunaila, na mchuzi wake wa nazi hauna mpinzani. Ila haibebi tena uchumi wa kijiji. Papa wamepungua sana, soko lenye pesa linataka samaki mbichi wa hoteli, na vijana hawataki kazi ya kuanika.

Kinachoniuma ni kwamba chumvi yenyewe iko pale pale. Kufika Ngomeni lazima upite katikati ya mashamba ya chumvi, mabwawa meupe kulia na kushoto, vilima vya chumvi virefu kuliko nyumba. Sehemu kubwa ya chumvi tunayoila Kenya nzima hutoka ukanda huu. Vijana wa Ngomeni na Gongoni huikwangua juani kwa ujira wa siku. Mababu zao waliitumia kununua muda.

Mama karanga

Nimesema hakuna aliyetaja bei. Jioni ile ile, baadaye kidogo, niliisikia.

Tajiri alipokuwa amefunga friza lake, mama mmoja aliyekuwa amejifunga leso ya pili kiunoni alisimama kutoka kivulini, ambako alikuwa ameketi muda wote na beseni lake tupu. Akaenda kwa vijana wa boti, mahali palipobaki rundo la samaki wadogo: tafi wa kiganja, vibua, pono waliochubuka. Akainama, akawageuza kwa mkono, akasema bei yake. Vijana wakasema yao. Akawatolea kasoro, huyu kachubuka, huyu jicho limekufa. Wakaapa wallahi ni wa sasa hivi. Wakaenda, wakarudi, wakakubaliana, naye akafungua fundo la leso akatoa noti.

Pesa taslimu. Zilikuwa za kwanza kuonekana ufuoni tangu boti ifike.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa nilichokiona. Katika ufuo wote, mnunuzi pekee aliyelipa pesa mkononi alikuwa mama karanga, kama tunavyowaita wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza, na ndiye aliyehudumiwa mwisho. Pesa zile ndizo zilizogawanywa pale pale na vijana wa boti, ndizo zilizonunua unga na mafuta ya taa usiku ule. Samaki wa tajiri waliingia kwenye daftari kupunguza deni la mwaka. Chakula cha usiku kililipwa na tafi wa kiganja.

Nilikwenda nikakaa naye jikoni mwake, kibanda cha makuti nyuma ya nyumba. Mafiga matatu, karai pana la chuma, kuni za mvinje. Aliwapara samaki kwa kisu kilichokwisha makali upande mmoja, akawachanja ubavuni mara tatu kila upande, akawapaka chumvi na manjano. Mafuta yalipoanza kutoa moshi mwembamba akawateremsha mmoja mmoja kwa mkia. Halafu akawaacha. Mimi ningewatoa zamani. Yeye aliwaacha mpaka povu likapungua, mpaka sauti ya mafuta ikabadilika, mpaka mapezi yakawa ya kuvunjika.

"Mbona wawakausha hivi, mama?"

"Ukimtoa laini, kesho asubuhi huna samaki."

Kumbe naye anapigana na saa ile ile. Kukaanga ndiyo barafu yake. Samaki aliyekaushwa kwenye karai hufika kesho jioni, na akirudishwa motoni hufika kesho kutwa. Hivyo ndivyo anavyoweza kuwauzia watu wa chumvi wanaotoka kazini, watoto wa shule, waendesha bodaboda, na wazee kama Ami ambao hawana tena mtu wa kuwavulia. Wengine hulipa mwisho wa mwezi. Nilimuuliza anawaandika wapi. Akajigusa kichwani.

Kisha akanieleza shida yake, wala haikuwa barafu. Ni kwamba samaki wadogo nao wameanza kuondoka. Siku hizi tajiri huchukua mpaka tafi, kwa kuwa mikahawa ya mjini inawataka. Kuna jioni anaketi kivulini mpaka Isha na beseni linarudi tupu. Siku hiyo, akasema, kuna nyumba zitakula sima na mchicha, na kuna nyumba zitakula sima.

Kijiji cha wavuvi, hatua chache kutoka majini.

Ndoo ya kwanza

Makala hii ingekuwa rahisi kama ningeishia kwenye barafu. Ningesema: jengeni chumba cha baridi Ngomeni, wapeni BMU mtambo wa barafu wa sola, mvuvi ataweza kusubiri na bei itapanda. Ninaamini ingepanda. Nimeona pia majengo ya namna hiyo kwingine kwenye Pwani yetu, yamezinduliwa kwa utepe na hotuba, kisha umeme ukakatwa kwa deni na popo wakahamia. Lakini tuseme hili litafanikiwa, lina uongozi mzuri na umeme wa uhakika.

Samaki anayeweza kusubiri ni samaki anayeweza kusafiri. Barafu ikifika kwa nakhodha, hata wale tafi wa kiganja watapata njia ya Malindi. Bei ya mvuvi itapanda, nitamfurahia kwa moyo wote. Na yule mama ataketi kivulini mpaka Isha.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Niliandika, nikafuta. Kila nilipomtetea nakhodha nilimwona mama yule, na kila nilipomtetea mama nilijiona namwambia nakhodha abaki masikini ili kijiji kipate kula.

Mwishowe nilimpigia simu mama karanga mwenyewe, kupitia kwa Ami, nikamuuliza angependa nini kifanyike. Nilidhani atasema mtaji, au friza. Alisema:

"Ndoo ya kwanza."

Alimaanisha hivi. Boti ikifika, kabla mizani ya tajiri haijatundikwa, ndoo moja ya samaki wa kawaida itolewe, iuzwe kwa mama karanga kwa bei ya kupatana, pesa mkononi. Ndoo moja kwa kila boti. Zinazobaki ziende zitakakokwenda, kwa tajiri, kwa Malindi, kwa Mombasa, kwa barafu ya nani au nani. Haombi msaada na haombi bei nafuu. Anaomba zamu.

Nimelizungusha wazo hilo kila upande nikitafuta kasoro. Tajiri atapoteza ndoo moja kwa boti, na siku ya samaki wachache ndoo moja ni nyingi. Nakhodha mwenye deni kubwa ataambiwa anaiba samaki ambao wameshalipiwa. Wengine watajificha wateremkie upande wa mikoko ambako hakuna karani. Yote hayo yatatokea, sina shaka. Lakini pesa za ndoo ile zitaingia mkononi mwa mvuvi jioni ile ile, zikiwa zimetajwa na kupatanwa, na samaki wake watalala matumboni mwa watu wa Ngomeni. Katika yote niliyoyafikiria, ni jambo pekee linalomfaa mvuvi na mama karanga kwa pamoja, na halihitaji mfadhili. Linahitaji mstari mmoja katika sheria ndogo za BMU, na sheria hizo hutungwa na wanachama wenyewe.

Nakhodha, nilipomweleza, alisema anaweza kulikubali iwapo boti zote zitalikubali. Akiwa peke yake, hapana; tajiri atamuuliza kwa nini yeye tu. Ami alisema zamani kulikuwa na kitoweo cha mji, kila chombo kikiteremsha kidogo kwa majirani na kwa wajane bila kuandikiwa, na kwamba hakumbuki ni lini kiliachwa. Tajiri sijamuuliza. Nitamuuliza, kwa sababu na yeye anakula Ngomeni, na mamake alikuwa mama karanga, hilo nimeambiwa na watu zaidi ya mmoja.

Sasa kusi imekwishashika. Boti nyingi zimevutwa juu na madaftari yanaandikwa upande wa kukopa. Wanachama wana mkutano kabla ya msimu kufunguka, na Ami, ambaye miguu yake haimchukui mbali, ameniahidi atabebwa hata kwa bodaboda afike aliseme jambo hili mbele ya wote. Nimemwomba anipigie mkutano ukiisha. Wakilikataa, nataka kujua ni nani aliyesimama kulikataa, na alisema nini.